Soksi za Matenori

Mjini Pievalta, mtu akitaka kujua tenori fulani, mwimbaji wa sauti ya juu, aliimba vibaya kiasi gani, hasomi gazeti. Anauliza soksi.

"Yule wa Bolonya alikuwaje?"

"Kisigino."

Basi, imetosha. Maana yake ni kwamba Bi Dirce Bondavalli alianza kufuma mdomo wa soksi tenori alipofungua kinywa, na pazia liliposhuka alikuwa ameshafika kisigino. Mtu aliyefumiwa mpaka kisigino harudi Pievalta hata kuzika shangazi yake. Aliyefika vidoleni ni mmoja tu, bwana wa Torino mwenye masharubu, na inasemekana siku hizi anauza bima.

Bi Dirce mwenyewe alikuwa muuza kuku sokoni. Mjane, mfupi, mpana kama kabati, mwenye macho ya mtu anayeangalia yai kwenye mwanga wa mshumaa kuona kama limeoza. Asubuhi alichinja na kunyonyoa. Siku za opera alinawa mikono kwa limau mpaka viwikoni, akavaa koti lake jeusi la mazishi, akapanda ngazi za nyuma za ukumbi wa maonyesho, Teatro ya Mji, mpaka Darini.

Dari ndiyo ile sehemu ya juu kabisa, chini ya paa, penye mabenchi ya mbao. Watu wa viti vya mahameli na watu wa viroshani huingia kwa mlango wa mbele, penye nguzo za marumaru na malaika wasio na nguo. Watu wa Darini wana mlango wao uchochoroni, jirani na mapipa ya taka. Malkia mdogo aliyeijenga teatro zamani hizo alitaka maskini wasikie muziki, ila wao wenyewe wasisikike. Sehemu ya kwanza ilifaulu.

Teatro ile ilikuwa na kila kitu, haikubagua. Siku za baleti watu wa Darini walikula, maana kutazama miguu hakuzuii kutafuna. Siku za tamthilia walilala, kwa sababu waigizaji wanaongea tu, na maneno kila mtu anayo nyumbani kwake, tena mengine ameyakimbia. Lakini siku ya opera hakuna aliyekula wala kulala. Siku ya opera Dari ilikuwa mahakama, na sindano za Bi Dirce ndizo zilizosoma hukumu.

Hakuna aliyemchagua. Mambo yalianza miaka ya vita, msimu wa baridi ambao makaa ya mawe yalikosekana na watu wakawa wanasikiliza opera wamevaa blanketi. Bi Dirce alikuja na sindano zake za kufumia ili vidole visigande. Muziki ukiwa mzuri, alisahau kufuma. Muziki ukiwa mbaya, alikumbuka. Waliokaa naye karibu waligundua jambo hilo kabla yeye mwenyewe hajaligundua, na tangu hapo sindano zilipoanza kugongana, ti-ti-ti, Dari nzima ilitia vidole mdomoni na kupiga miluzi mpaka taa kubwa ya kioo ikatetemeka.

Yeye alikana siku zote. "Mimi nafuma tu," alikuwa akisema. "Wanaopiga miluzi ni wao. Mimi hata mluzi siujui."

Sasa Bi Dirce alikuwa na binti mmoja, Ebe, mshonaji wa magauni ya harusi za watu wengine. Umri wake ulikuwa umeshafika pale ambapo jamaa huacha kuuliza "lini?" na kuanza kuuliza "hujambo?" Bi Dirce alimpenda binti yake kama mtu anavyopenda kiatu kizuri kinachobana. Ebe aliosha sahani ambazo mama yake ameshaziosha. Ebe alimwambia mama yake asinywe supu kwa sauti. Ebe alihamisha chumvi kutoka mahali ilipokaa tangu enzi za marehemu baba yake, kisha akasema pale papya ndipo mahali pake. Mama alikuwa akimwombea mume kwa watakatifu wote wa mji, kila mmoja kwa zamu, ili wasioneane wivu.

Mume akapatikana. Aliitwa Nevio Malagoli, mtoto wa wale Malagoli wanaotia chumvi mapaja ya nguruwe, watu wenye kiroshani chao teatroni tangu babu wa babu. Nevio alikuwa kijana mkubwa, mwekundu, mpole, mwenye fikra zinazokauka polepole kama nyama ya nyumbani kwao. Alitia chumvi siku nzima akiimba. Alijua opera nyingi kwa moyo, na Ebe alimpenda mpaka akawa anaunguza magauni kwa pasi.

Mama yake Nevio, Sinyora Iole, hakupenda. Alitarajia mkwe kutoka kwa watu wa jibini, si kwa watu wa kuku. Lakini alikuwa hajasema hapana. Alikuwa anangoja sababu.

Mambo yakawa hivi. Mwezi wa Januari teatro ilitangaza ile opera ya jambazi, ambayo katika tendo la tatu jambazi anapanda juu ya mwamba na kuimba noti moja ndefu, ya juu sana, kabla hajakamatwa. Tenori aliyekodiwa kutoka Milano alifika kwa treni, akanyolewa ndevu, na wakati wa kunyolewa akahadithiwa habari za sindano. Jioni ile ile akapata homa. Akarudi Milano kwa treni ya kwanza, akiwa amejifunga skafu mpaka puani.

Uongozi wa teatro ukahangaika. Mtu akasema, yupo kijana wa Malagoli, anaijua opera yote, amewaimbia nguruwe miaka kumi. Wakamwita. Akakubali kabla hawajamaliza kuuliza.

Ebe aliingia jikoni na habari hiyo mama yake akiwa anakanda unga wa tambi.

"Nevio ataimba Jumapili," akasema.

"Ataimba wapi?"

"Mama, ataimba wapi? Kanisani kuna jambazi?"

Bi Dirce aliendelea kukanda. Unga ulikuwa umeshaiva, lakini aliendelea.

"Sehemu ya nani?"

"Ya jambazi mwenyewe."

"Pamoja na mwamba?"

"Pamoja na mwamba."

"Hm," akasema Bi Dirce.

"Hiyo hm ni ya nini?"

"Hm ya unga. Umekuwa mgumu."

Ebe akavuta kiti, akakaa mbele yake, akamwangalia kama anavyoangalia gauni lililokosewa mabega. "Nisikilize vizuri. Sinyora Iole amealika kiroshani kizima. Nitakaa nao, mara ya kwanza. Wewe Jumapili ukifuma, Dari itapiga miluzi. Dari ikipiga miluzi, Nevio ataaibika mbele ya ukoo wake, na yule mama yake atapata alichokuwa anakitafuta. Basi siolewi. Nitakaa humu humu, mama. Nitakupikia, nitakuoshea, nitakurekebisha, mpaka siku nitakapokuzika."

Bi Dirce akaacha kukanda. Kati ya vitisho vyote alivyowahi kusikia, vikiwemo vya Wajerumani, hakikuwepo kizito kama hicho.

"Mimi nafuma tu," akasema, lakini kwa sauti ndogo.

"Basi Jumapili usifume."

"Akiimba vizuri, nifume kwa nini?"

"Na akiimba vibaya?"

Mama akarudia kukanda unga. Binti akachukua kitambaa, akafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Habari Pievalta haihitaji posta. Kesho yake sokoni, Oreste kinyozi, yule yule aliyemnyoa mtu wa Milano, alikuja kwenye banda la kuku na hakununua kuku. Oreste alikuwa mtu wa pili Darini. Ndiye aliyekuwa na mluzi mkubwa kuliko wote, na kwa miaka mingi alikaa kushoto kwa Bi Dirce akingoja sindano, kama mbwa anayengoja mlango ufunguliwe.

"Nasikia unaoza binti," akasema.

"Nasikia unanyoa watu mpaka wanapata homa," akasema Bi Dirce.

"Mimi nilimwambia ukweli tu, masikini, asije akashtuka." Oreste akamshika jogoo mmoja kifuani, akampapasa kama daktari. "Watu wananiuliza, Dirce. Mimi nawaambia, yule mama ni mnyoofu. Wanasema, damu nzito kuliko maji. Nawaambia, huyu si damu yake, ni mkwe tu. Wanasema, mkwe ndiye mbaya zaidi."

"Waambie waje Jumapili wasikilize."

"Kusikiliza watasikiliza. Ila Jumapili hii, nikuambie kama mwenzangu, hakuna atakayetazama jukwaa. Tutakutazama wewe."

"Mtaona koti."

"Tutaona mikono."

"Unanunua huyo jogoo au unamchumbia?"

Oreste akamrudisha jogoo. "Siku mahakama inapoacha kumhukumu mkwe," akasema, "inakuwa baraza la harusi." Kisha akaondoka, akijiimbia ile noti ya mwamba kwa chini chini, maana kwa juu hakuiweza.

Bi Dirce akabaki amekaa juu ya kreti. Miaka yote ile hakuwahi kuiona Dari kama kitu chake. Sokoni alikuwa muuza kuku, kanisani alikuwa mjane, nyumbani alikuwa mtu wa kurekebishwa. Kule juu tu, kwenye benchi lisilo na mto, watu wenye masikio walingoja mikono yake. Kuuza binti kwa sindano, au sindano kwa binti? Akamchinja jogoo wa Oreste, bila sababu ya biashara.

Jumapili mchana Ebe alimsimamisha mlangoni, akafungua mkoba wake. Akatoa sindano. Akatoa sufu. Akapapasa mifuko ya koti, akatoa na jozi ya akiba. Kisha akambusu shavuni, akaenda zake kwa mlango wa malaika, amevaa gauni la rangi ya zambarau alilojishonea kwa siri.

Bi Dirce akapanda ngazi za uchochoroni mikono mitupu. Kwa kweli alijisikia mwepesi. Mtu asiye na sindano hafumi, hata Mungu analijua hilo. Angekaa, angesikiliza, na lolote litakalotokea Dari wangejiamulia wenyewe kama watu wazima.

Alipofika benchi lake, Oreste alisimama, akavua kofia, akampangusia mahali pa kukaa.

"Umekuja bila mkoba," akasema.

"Nimeusahau."

"Tulijua utasahau." Oreste akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa jozi ya sindano na kibumba cha sufu ya kijivu, akaviweka mapajani pa Bi Dirce kwa heshima, kama padre anavyoweka kikombe. "Za mke wangu. Mizunguko ya kwanza ameshaianza, usihangaike."

"Mke wako ana huruma."

"Sana. Ameolewa na mimi."

Dari ikacheka kidogo. Bi Dirce akaweka mikono pembeni, huku na huku, juu ya mbao za benchi. Chini kabisa, katika kiroshani cha Malagoli, aliona doa la zambarau. Karibu yake aliona Sinyora Iole ameinua darubini ndogo ya dhahabu. Darubini haikuelekea jukwaani. Ilielekea Darini.

Pazia likafunguka.

Nevio aliingia na upanga na buti, akaanza kuimba, na haikuwa mbaya. Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Angekuwa mbaya kabisa, watu wangejua la kufanya. Angekuwa mzuri, wangelia. Alikuwa kama supu ya jana. Inanywewa. Sauti ilitoka pana, ya chumvi chumvi, iliyozoea kusikilizwa na nyama. Tendo la kwanza likapita. La pili likapita. Sindano zililala mapajani. Oreste alikuwa anatazama mikono ya Bi Dirce mpaka akasahau kupepesa macho.

Tendo la tatu, Nevio akapanda mwamba. Mwamba ulikuwa wa mbao na karatasi, ukalalamika chini ya uzito wake. Okestra ikapungua, ikapungua, ikamwachia njia. Akafungua kinywa, akaishika noti, akaipandisha. Ilipofika pale juu kabisa ikapasuka.

Haikupasuka kidogo. Ilipasuka kama sauti ya jogoo mchanga anayejaribu kuwika kwa mara ya kwanza, sauti ambayo Bi Dirce alikuwa anaisikia kila siku ya maisha yake, na ambayo asingeweza kuidhania kitu kingine hata angetaka. Na alitaka. Mungu anajua alitaka.

Dari nzima iligeuza shingo kwake.

Aliiambia mikono yake itulie. Mikono ikamsikiliza kama Ebe alivyokuwa akimsikiliza. Aliona tu sindano zimeshainuka, uzi umeshazunguka kidole, na katika kile kimya akasikia ti-ti-ti, naye akajua kwamba ni yeye. Alifuma mzunguko mzima. Machozi yalikuwa yanashuka, lakini alifuma sawasawa, bila kuruka kitanzi.

Oreste alikuwa ameshatia vidole mdomoni. Akavitoa. Akamtazama yule mama, anayemfumia mkwe wake mwenyewe mbele ya mji.

"Dirce," akasema, "wewe ni mtu."

Akasimama, akaanza kupiga makofi. Aliyekuwa nyuma yake, mtu wa kuuza samaki wa mtoni, akasimama naye. Halafu benchi zima, halafu Dari yote, wamesimama, wanampigia makofi Bi Dirce Bondavalli, wengine wakifuta macho kwa kofia.

Sasa chini kule, watu wa mahameli hawakuwahi kujua lini noti ni nzuri na lini ni mbaya. Walingoja Dari. Dari ikipiga miluzi walikunja nyuso. Dari ikipiga makofi waliipita kwa kelele, ili isidhaniwe kwamba walionunua tikiti ghali wana masikio ya bei rahisi. Waliposikia makofi yale wakainuka nao. Kiroshani kwa kiroshani kikainuka. Mtu mmoja akaita "Tena," na wengine wakaita "Tena," na yule mwongozaji wa okestra, ambaye alikuwa amefumba macho akingoja miluzi, akayafumbua. Akawatazama watu. Akamtazama Nevio. Akainua kijiti chake kama mtu anayetii amri ya serikali.

Nevio akainama, mkono moyoni, akaimba tena.

Ikapasuka tena. Pale pale.

Kule Darini watu walibaki wamesimama na mikono hewani. Hukumu ya namna hii haikuwahi kutokea. Huwezi kumpigia mtu mluzi kwa kitu ulichomwomba akirudie. Walitazamana. Oreste akapiga makofi mawili matatu, taratibu, kama mtu anayefukuza nzi, na wengine wakamfuata. Chini wakashangilia mpaka vumbi likashuka hata kwenye malaika wa mlangoni.

Opera ilipokwisha, Bi Dirce alishuka ngazi akazunguka mpaka mlango wa wasanii. Oreste alimfuata nyuma hatua chache, kama shahidi. Sinyora Iole alikuwa ameshafika, na manyoya yake shingoni, na Ebe pembeni yake akiwa mweupe kama unga.

"Nimekuona," akasema Sinyora Iole. "Ulifuma."

"Darubini ni za kutazamia jukwaa, Sinyora."

"Jukwaani yupo mwanangu. Huyo nimemwona tangu azaliwe. Ulimfumia mwanangu mbele za watu, nami siwezi kumpokea nyumbani kwangu binti wa mwanamke wa namna hiyo. Nilikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Sasa nina sababu."

"Hongera," akasema Bi Dirce.

Ebe akatazama viatu vyake. Hilo ndilo lililomuumiza mama. Angesema lolote, hata kuhusu supu.

Hapo Nevio akatoka, rangi bado usoni, mashada ya maua mikononi, mwenye furaha ya mtoto aliyepanda farasi. "Mama Dirce amefuma?" akauliza. Alikuwa amesikia neno la kufuma tu.

"Amefuma," akasema Sinyora Iole. "Muulize mwenyewe."

Nevio akamgeukia Bi Dirce. Fikra zilianza kutembea usoni mwake. Ziliweza kuonekana zikija kwa mbali.

"Ulifuma wakati wa mwamba?"

"Nilifuma."

"Na Dari haikupiga mluzi."

"Haikupiga."

"Ikapiga makofi."

"Ikapiga."

"Wakaniomba nirudie."

"Ukarudia," akasema Bi Dirce. "Ndiyo. Nilisikia."

Nevio akaweka maua chini. "Haijawahi kutokea," akasema polepole. "Tangu nizaliwe, sindano zikilia, mluzi unafuata. Kwa hiyo leo watu wamekukatalia. Leo nimezishinda sindano."

Oreste akafungua mdomo. Mtu anayejua kunyoa anajua pia wembe uko wapi; Bi Dirce akamtazama, naye akafunga mdomo.

Ebe naye alikuwa anamtazama mama yake. Bi Dirce aliyaona mambo yote kwa pamoja, kama kuku waliopangwa mezani. Makofi yale yalikuwa yake. Maisha yake yote hakuwahi kupigiwa makofi, na hayo ndiyo, ya kwanza, na ya mwisho kwa umri ule. Akitaja ukweli, yanabaki yake, na Ebe anabaki wake vilevile. Akinyamaza, mji mzima utasema kwamba mtia chumvi mmoja, mwenye sauti ya jogoo mchanga, alimshinda Dirce Bondavalli.

"Umezishinda," akasema. "Nimekubali. Mimi nimezeeka, masikio yamechoka."

Oreste akakohoa kama mtu aliyemeza mfupa.

Nevio akamkumbatia mpaka miguu yake ikaacha ardhi. Kisha, akiwa bado amemwinua, akamgeukia mama yake mzazi. "Mama, mtu aliyeshindwa na akakubali ni mtu muungwana. Kama hutaki Ebe aingie kwako, sawa. Tutakaa kwa Mama Dirce. Kuna chumba juu ya kuku."

Bi Dirce alikuwa bado hewani aliposikia hilo.

Njiani kurudi, ukungu ulikuwa umeshashuka, na Nevio alitangulia mbele akiwapungia watu aliokuwa hawaoni. Ebe alimshika mama yake mkono.

"Umesema uongo," akasema.

"Nani?"

"Naijua sauti yake mimi. Hata chumvini hupasukia pale pale."

"Na bado unamtaka?"

"Mama, mimi simtaki kwa kuimba."

Bi Dirce alitembea kidogo akilitafakari hilo. "Ungeniambia mapema," akasema, "ningefuma tangu tendo la kwanza. Tungekuwa tumeshakula."

Ebe akacheka, kicheko kile ambacho nyumbani hakikusikika tangu marehemu alipokuwa hai, halafu akamwambia asikanyage madimbwi kama bata.

Gazeti la Bolonya liliandika kwamba tenori kijana wa Pievalta aliivunja noti ya mwamba kwa makusudi, mara mbili, kwa ujasiri wa kisasa, ili kuonyesha moyo wa jambazi unavyopasuka. Uongozi wa teatro ukamwandikia Nevio mkataba wa msimu ujao. Watu wakaja kutoka miji mingine kumtazama mwanamume aliyezishinda sindano, na watu wa Darini, waliomshangilia wenyewe, hawakuwa na mahali pa kulalamikia. Wakakaa, wakamsikiliza. Bi Dirce akakaa nao, mikono mapajani. Alikuwa amesema hadharani kwamba masikio yamechoka, na neno la hadharani ni neno.

Harusi ilifungwa baada ya Pasaka. Sinyora Iole alileta paja moja la nguruwe, dogo. Nevio na Ebe wakahamia chumba cha juu ya kuku, na kila asubuhi, kabla ya kwenda chumvini, bwana harusi alifungua dirisha na kuimba ile noti ya mwamba, yote, na mpasuko wake, kwa sababu ndiyo iliyompa jina.

Siku moja ya soko Oreste alipita kwenye banda. Safari hii alinunua kuku. Alisubiri afungiwe, akazungushazungusha kofia mikononi.

"Mkwe hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Anakula vizuri."

"Na Ebe?"

"Anamrekebisha."

Oreste akaitikia kwa kichwa. Akatazama kikapu cha mayai, ambacho msimu kama ule huwa kimejaa, na siku ile kilikuwa na mayai ya kuhesabika.

"Kuku je?"

"Kuku," akasema Bi Dirce, akimkabidhi wake, "wameacha kutaga tangu wiki ya pili baada ya harusi. Wale wana masikio."